Umbali au mhamo: kipimo kipi kinajibu swali lililo mbele yako?

Mtu aliyesimama Magogoni, jijini Dar es Salaam, anaiona Kigamboni waziwazi ng'ambo ya mlango wa bandari, na pantoni huyavuka maji hayo ya mita mia kadhaa kwa dakika chache tu. Kabla ya Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680 kufunguliwa mwaka 2016, mwenye gari ambaye hakutaka kupanga foleni ya pantoni alilazimika kuzunguka kupitia Kongowe, safari ya makumi ya kilomita, ili afike palepale alipokuwa akipaona kwa macho. Abiria wa pantoni na dereva huyo walianzia mahali pamoja na wakaishia mahali pamoja, kwa hiyo mhamo wao, yaani badiliko la mahali kutoka mwanzo hadi mwisho, ni mmoja. Umbali waliosafiri hauna hata mfanano.

Fizikia inavihitaji vipimo vyote viwili, na hakuna hata kimoja kilicho sahihi zaidi ya mwenzake. Mwanafunzi wa kidato cha pili nchini Tanzania hukutana navyo katika mada ya mwendo katika mstari mnyoofu, na kwa maoni yangu hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kitu kinachokwenda mbele katika mstari mnyoofu bila kugeuka kina umbali na mhamo wenye namba ileile, hivyo mwanafunzi hujizoeza kwa mifano ambamo kuchanganya vipimo hivi hakumletei hasara yoyote, kisha anashangaa alama zinapopotea siku swali linapokuja na kona au na kitu kinachorudi kilikotoka.

Vigezo vya kulinganisha

Ili ulinganisho uwe wa haki, umbali na mhamo vitaulizwa maswali yaleyale. Kila kimoja kinapima nini hasa? Je, kinahitaji mwelekeo, na kinaweza kuwa sifuri au hasi? Sehemu za safari zinajumlishwaje? Kikigawanywa kwa muda kinatoa nini? Kinaingia wapi katika milinganyo ya mwendo na katika hesabu za kazi na nishati? Na mwisho, kinapimwa kwa kifaa gani?

Kinachopimwa

Umbali ni urefu wa njia yote ambayo kitu kimepita, pamoja na kona zake, mizunguko yake na kila hatua iliyorudiwa nyuma. Ili kuujua umbali ni lazima uijue njia. Kujua mwanzo na mwisho wa safari hakutoshi.

Mhamo ni badiliko la mahali, yaani urefu wa mstari mnyoofu kutoka pale kitu kilipoanzia hadi pale kilipo sasa, pamoja na mwelekeo wa mstari huo. Ili kuujua mhamo unahitaji nukta mbili tu, na yaliyotokea katikati ya safari hayaubadilishi hata kidogo. Vyote viwili hupimwa kwa mita au kilomita, kwa hiyo kizio hakikusaidii kuvitofautisha.

Reli ya kisasa ya Kenya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ina urefu wa kilomita 472 hivi. Kwa mstari mnyoofu miji hiyo miwili imeachana kwa karibu kilomita 440, Nairobi ikiwa kaskazini-magharibi ya Mombasa, na namba hiyo hupungua ukipima kutoka kituo cha Miritini hadi cha Syokimau, kwa kuwa vituo hivyo viko nje ya katikati ya miji. Kilomita 472 ndizo ambazo magurudumu ya treni huzisaga. Kilomita 440, pamoja na maneno "kaskazini-magharibi", ndizo zinazoeleza jinsi abiria alivyohama kutoka mji mmoja hadi mwingine. Msomaji makini anaweza kuuliza kama mstari mnyoofu kati ya miji hiyo haupiti chini ya ardhi, kwa sababu dunia ni mviringo. Unapita, lakini kwa safari ya urefu huu tofauti kati ya mstari huo na ule unaofuata mviringo wa dunia haifiki mita 100, na hesabu za shule zinaweza kuiacha bila wasiwasi.

Kanuni moja inatokana na maelezo hayo na inafaa kukaa kichwani wakati wote: ukubwa wa mhamo hauwezi kuuzidi umbali. Unaweza kulingana nao, pale tu kitu kinapokwenda mstari mnyoofu bila kurudi nyuma. Vinginevyo utakuwa pungufu. Ukimaliza hesabu na kukuta mhamo wa mita 80 na umbali wa mita 60, umekosea mahali, na huhitaji mwalimu akuambie.

Mwelekeo, sifuri na alama ya kutoa

Umbali ni skala, yaani una ukubwa peke yake. Hauwi hasi, na hauwi sifuri isipokuwa kitu hakikujongea kabisa. Tena haupungui: kadiri safari inavyoendelea, umbali huongezeka au, kitu kikisimama, hubaki ulivyo.

Mhamo ni vekta, yaani una ukubwa na mwelekeo, na jibu linalotaja mita bila kutaja mwelekeo ni jibu pungufu. Katika mstari mmoja mwelekeo huonyeshwa kwa alama: ukichagua mashariki kuwa chanya, magharibi inakuwa hasi. Uchaguzi huo ni wako, lakini ni lazima ufanywe kabla ya hesabu kuanza na usibadilishwe katikati. Mhamo hasi haumaanishi kwamba kitu kimesafiri "chini ya sifuri". Unaeleza tu kwamba kiko upande wa pili wa mwanzo wake. Mhamo unaweza pia kukua, kupungua na kurudi kuwa sifuri, kama inavyomtokea mwanariadha anayemaliza mzunguko mmoja wa uwanja akiwa amekimbia mita 400 na kusimama pale alipoanzia.

Kujumlisha sehemu za safari

Hapa umbali ni mwepesi kuliko mwenzake. Kilomita 5 ukiongeza kilomita 5 ni kilomita 10, njia iwe imekwenda upande wowote.

Mhamo unadai kazi zaidi, na mabaharia wa pwani wanaifahamu kazi hiyo vizuri. Nahodha wa jahazi anayetaka kwenda kaskazini wakati upepo wa kaskazi unavuma kutoka mbele yake hawezi kuelekeza tanga moja kwa moja upeponi, hivyo hupiga bisha, akienda mshazari upande mmoja kisha mshazari upande wa pili. Tuchukue kwamba amekwenda kilomita 5 kaskazini-mashariki, akageuza, akaenda kilomita 5 kaskazini-magharibi. Umbali wake ni kilomita 10. Katika mhamo, sehemu ya mashariki ya mshazari wa kwanza na sehemu ya magharibi ya mshazari wa pili zinafutana, na zinabaki sehemu mbili za kaskazini tu. Mishazari hiyo miwili imekutana kwa pembe mraba, kwa hiyo kanuni ya Pythagoras inatosha: 5 kwa kipeo cha pili ni 25, mara mbili ni 50, na kipeuo cha pili cha 50 ni 7.07. Jahazi limehama kilomita 7.07 kaskazini.

Nahodha anahitaji namba zote mbili. Kilomita 10 ndizo zinazoamua atakuwa majini kwa saa ngapi na apakie maji ya kunywa kiasi gani, na kilomita 7.07 ndizo zinazomwambia amekaribia bandari kwa kiasi gani. Katika mifano yote ya somo hili sijaona mwingine unaoonyesha vizuri namna hii kwa nini fizikia imevishikilia vipimo viwili badala ya kimoja.

Vikigawanywa kwa muda

Umbali ukigawanywa kwa muda unapata kasi ya wastani. Mhamo ukigawanywa kwa muda unapata velositi ya wastani, ambayo nayo ina mwelekeo. Ni rahisi kudhani kwamba tofauti ya viwili hivi ni mwelekeo peke yake na kwamba namba zitafanana. Hazifanani.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch nchini New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alishinda mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Kasi yake ya wastani ilikuwa mita 1,500 gawanya kwa sekunde 212.2, sawa na mita 7.07 kwa sekunde. Mbio hizo ni mizunguko mitatu na robo tatu, hivyo mstari wa kuanzia na wa kumalizia haviko mahali pamoja. Kwenye uwanja wenye vipimo sanifu vya leo, mstari wa kuanzia uko karibu na mwisho wa kona ya kwanza, na kutoka hapo hadi mstari wa kumalizia kwa kukata moja kwa moja uwanjani ni kama mita 72. Kwa mbio hizo katika uwanja wa namna hiyo, velositi ya wastani ina ukubwa wa mita 72 gawanya kwa 212.2, yaani mita 0.34 kwa sekunde, mwendo ambao hata mtoto anayejifunza kutembea anaupita.

Hakuna kati ya namba hizo mbili inayodanganya, lakini kwa anayetaka kujua ubora wa mkimbiaji, ile ya pili haina maana yoyote. Katika nukta moja ya wakati mambo ni tofauti kidogo: kasi ya papo hapo ni sawa na ukubwa wa velositi ya papo hapo, kwa sababu katika muda mfupi mno njia haipati nafasi ya kupinda. Vipimo hutengana tunapochukua wastani wa muda mrefu.

Katika milinganyo ya mwendo

Sehemu hii ndiyo inayowagharimu wanafunzi wengi zaidi. Mlinganyo maarufu s = ut + ½at², ambamo u ni velositi ya mwanzo, t ni muda na a ni mchapuko (kiasi ambacho velositi hubadilika kila sekunde), husomwa mara nyingi kana kwamba s ni umbali. Si umbali. Herufi s inasimamia mhamo, na mlinganyo wenyewe haujui lolote kuhusu njia iliyopitwa.

Mpira unarushwa wima kwenda juu kwa mita 20 kwa sekunde. Tuchukue mchapuko wa uvutano kuwa mita 10 kwa sekunde mraba kwenda chini, tuache ukinzani wa hewa, na tuchague juu kuwa chanya. Baada ya sekunde 3, s ni 20 mara 3, toa nusu ya 10 mara 9, yaani 60 kutoa 45, sawa na 15. Mwanafunzi anaandika "umbali ni mita 15" na anafunga daftari.

Tuufuate mpira wenyewe. Kwa kuwa hupoteza mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde, unasimama kileleni baada ya sekunde 2, ukiwa umepanda mita 20. Katika sekunde ya tatu unaanguka mita 5. Hivyo basi, mwisho wa sekunde ya tatu uko mita 15 juu ya mkono, na huo ndio mhamo wake, ilhali umesafiri mita 20 kwenda juu na mita 5 kwenda chini, jumla mita 25. Baada ya sekunde 4 umerudi usawa wa mkono: mhamo sifuri, umbali mita 40. Kama aliyeurusha alisimama ukingoni mwa paa la ghorofa na mpira ukaendelea kushuka nje ya jengo, baada ya sekunde 5 mlinganyo unatoa hasi 25, yaani mita 25 chini ya mkono, na umbali umefikia mita 65.

Kwa maswali ya aina hii mhamo una faida kubwa, kwa kuwa mlinganyo mmoja unashika kupanda na kushuka bila kuigawa safari. Anayetafuta umbali hana njia hiyo ya mkato. Inampasa kwanza atafute saa ambayo velositi inakuwa sifuri, aigawe safari hapo, ahesabu kila kipande peke yake na kujumlisha ukubwa wa vipande vyote. Grafu ya velositi na muda hufuata utaratibu huohuo: eneo lililo juu ya mhimili likipunguzwa eneo lililo chini yake hutoa mhamo, na maeneo yote mawili yakijumlishwa bila alama hutoa umbali.

Kazi na nishati

Mpanda mlima wa kilo 70 anayetoka lango la Marangu, lililo kwenye mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha Uhuru chenye mita 5,895, amehama wima kwa karibu mita 4,000. Kazi inayofanyika dhidi ya uvutano kuuinua mwili wake ni kilo 70 mara 9.8 mara 4,000, karibu jouli (kizio cha kazi na nishati) milioni 2.7. Akipita njia ya Machame badala ya Marangu, nishati ya mahali (ile inayotokana na kimo) aliyopata mwili wake akiwa kileleni, ikilinganishwa na usawa wa mita 1,900, haibadiliki hata kwa jouli moja, kwa sababu uvutano hujali mhamo wa wima pekee.

Msuguano hauna tabia hiyo. Anayeburuta gunia sakafuni kwa kuzunguka meza hupoteza nishati kwa kila mita aliyoburuta, hata akilirudisha lilipokuwa. Hapa umbali ndio unaohesabika. Mpanda mlima naye huchoka kwa njia yote aliyokanyaga, pamoja na kila mteremko alioushuka na kuupanda tena, na jouli milioni 2.7 hazielezi uchovu huo.

Vifaa vya kupimia

Odomita ya gari huhesabu mizunguko ya magurudumu, kwa hiyo hutoa umbali, na haijui umeelekea wapi. Rula juu ya ramani pamoja na dira hutoa mhamo.

Simu yenye GPS inafanya jambo la kuvutia. Hurekodi nukta za mahali ulipo moja baada ya nyingine, hupata mhamo mfupi kati ya kila nukta na inayofuata, kisha hujumlisha ukubwa wa mihamo hiyo yote na kukuonyesha jibu kama umbali. Nukta zikiwa chache, simu hukata kona na kuonyesha umbali pungufu kuliko uliotembea. Nukta zikiwa karibukaribu na kila moja ikiwa sahihi, jibu huikaribia njia halisi. Kwa hiyo umbali unaweza kuelezwa kama jumla ya ukubwa wa mihamo midogo mingi, na anayelielewa hilo amepata daraja la kuvukia kwenda kwenye kalkulasi, tawi la hisabati linaloshughulika na vipande vidogo mno vya namna hiyo.

Nani anafaidika na kipi

Umbali unamfaa dereva anayekadiria mafuta, bodaboda anayepatana nauli, mkandarasi anayenunua lami, kocha wa riadha, na yeyote ambaye gharama yake huongezeka kwa kila mita ya njia. Mhamo unamfaa rubani, nahodha, mpima ardhi, mhandisi anayehesabu kani na velositi, na mwanafunzi anayetumia milinganyo ya mwendo wenye mchapuko usiobadilika. Wengi, kama yule nahodha anayepiga bisha, wanavihitaji vyote viwili katika safari moja, kila kimoja kwa uamuzi wake.

Kuchagua kulingana na hali

Swali likitaja njia iliyopitwa, mafuta, muda kwa kasi fulani, uchakavu wa matairi au msuguano, tafuta umbali. Likiuliza kitu kiko wapi ukilinganisha na kilipoanzia, au likitaja mwelekeo, velositi, mchapuko au badiliko la kimo, tafuta mhamo, na uandike mwelekeo katika jibu lako.

Kitu kikienda mbele tu katika mstari mmoja, unaweza kuhesabu kimoja na kukitumia kwa vyote, mradi uwe umehakikisha kwamba velositi haibadiliki alama katika muda wote uliotajwa. Ikibadilika, tafuta kwanza saa kitu kinapogeuka.

Njia ikiwa na kona, chora mchoro kabla ya kuandika namba yoyote: mstari unaofuata njia kwa ajili ya umbali, na mshale mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho kwa ajili ya mhamo. Kona zikiwa za pembe mraba, Pythagoras atakutosha kwa ukubwa, na pembe ya mshale itakupa mwelekeo. Kona zikiwa za pembe nyingine, gawa kila kipande katika sehemu ya mashariki na sehemu ya kaskazini, jumlisha kila upande peke yake, kisha unganisha.

Na kama swali limeandikwa kwa namna isiyoonyesha linataka kipi, kwa mfano "basi limekwenda mbali kiasi gani kutoka stendi", hesabu vyote viwili, uvitaje kwa majina yake, na ueleze kwa sentensi moja umetumia njia ipi na mwanzo upi.